Kahawa Mwenyeji, Karanga Mgeni

Vikombe vilikuwa kumi na viwili, kimoja kina ufa. Nilivihesabu alfajiri moja ya mwezi wa sita, nimeketi kwenye benchi karibu na soko la Bariadi, nikisubiri dele lichemke. Mzee wa kahawa alikuwa amevitumbukiza vyote kwenye ndoo ndogo, akawa anavitoa viwili viwili, anavikung'uta, anavifudikiza juu ya sinia. Vikombe vya kahawa unavijua: vidogo, havina mkono, unavishika kwa ncha za vidole, kidole kimoja ukingoni na kingine kitakoni, ili moto usikufikie. Nikakipindua kile chenye ufa. Kitakoni kilikuwa na maandishi ya Kichina ya rangi ya buluu, nusu yamefutika kwa kusuguliwa na majivu mwaka baada ya mwaka.

Sura zilizotangulia zilipita kwenye miji ambayo ukale wake unauona kwa macho. Bagamoyo ina magofu yake, Kilwa ina misikiti yake ya mawe, na Mji Mkongwe wa Zanzibar una milango ya nakshi na jina lake limo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Nilipomwambia rafiki yangu wa Dar es Salaam kwamba sura inayofuata itakuwa ya Bariadi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kuna nini kule?" Swali lake lilikuwa la haki. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ulipomegwa hasa kutoka Shinyanga, na ukitembea katikati ya mji wake mkuu utakutana na mabati, saruji, vioo vya buluu na maghorofa ambayo nondo zake bado zimechungulia juu. Hakuna ukuta wa kuwekea kibao cha makumbusho.

Lakini watu wa Ntuzu, Wasukuma wa eneo hili, walikuwapo hapa kabla ya mkoa, kabla ya wilaya, kabla ya Mjerumani na Mwingereza. Mji wao umeandikwa mahali pengine, si kwenye mawe. Umeandikwa kwenye masinia, masufuria na mabenchi, na nimekuja kuamini kwamba unasomwa kwa mdomo: kwa kula na kwa kuuliza. Kwa siku nne nilifanya kazi hiyo kuanzia giza la alfajiri hadi giza la usiku, mtaa mmoja mmoja kuzunguka soko, na jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa hili: karibu kila nilichokidhani mgeni kilikuwa mwenyeji, na karibu kila nilichokidhani mwenyeji kilikuwa mgeni.

Tuanze na kahawa. Mimi, kama wengi wa kanda hii, nililelewa nikijua kwamba kahawa si kitu cha Wasukuma. Kwetu asubuhi ni uji, au chai yenye maziwa ikiwa mambo ni mazuri, na jioni maziwa ya mgando. Kahawa tuliihesabu kuwa mambo ya pwani, ya wazee wenye kofia za kushonwa kwa mkono wanaokaa barazani. Na kweli vyombo vyake vinasema hivyo. Dele ni dalla ya Waarabu, lile birika la shingo nyembamba na mdomo mrefu. Hata jina la kinywaji ni la Kiarabu, qahwa. Masufi wa Yemen ndio walioinywa katika karne ya 15 ili wakeshe kwenye dhikri. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Bariadi amebeba dele, jiko la mkaa likining'inia chini yake kwa waya, ni rahisi kusema huyu amebeba pwani mkononi.

Sasa muulize buni ameitoa wapi. "Bukoba," alinijibu, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

Ananunua buni mbichi, anaikaanga mwenyewe. Aliniruhusu nikamtazame nyumbani kwake siku ya pili. Alitumia kikaango cha chuma kizito kilichopinda kidogo katikati, moto wa wastani, mwiko wa mbao ambao ncha yake imeungua ikawa nyeusi kama buni yenyewe. Kwa dakika za mwanzo hakuna kinachotokea isipokuwa harufu ya majani makavu. Halafu punje zinageuka njano, kisha hudhurungi, na moshi unabadilika. Unakuwa mzito na una utamu ndani yake. Hapo mzee hakuzungumza tena. Alikuwa anasikiliza. Punje zilipoanza kupasuka, tak, tak, alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, akaipua na kuzimwaga kwenye ungo, mkewe akazipepeta upesi ili zisiendelee kuiva kwa joto lake. Zilipopoa zikaingia kwenye kinu pamoja na vipande viwili vya tangawizi kavu. Mchi ulikuwa wa mke. "Yeye akitwanga inakuwa chengachenga," mama akaniambia, "watu wanalalamika." Kisha chekecheke, na kinachobaki juu kinarudi kinuni.

Buni hiyo ya Bukoba ni robusta, na hapa ndipo nilipotakiwa kujirekebisha. Kahawa ya arabika, ile ya Kilimanjaro, asili yake ni Ethiopia, na ililetwa Uchagani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Robusta ni habari nyingine. Mti wake ni wa misitu ya Afrika ya kati hadi magharibi mwa Ziwa Victoria, na Wahaya waliukuza na kuutumia muda mrefu kabla ya mfanyabiashara yeyote kutoka nje kuuona. Hawakuinywa. Waliyachuma matunda yakiwa bado mabichi, wakayachemsha na majani yenye harufu, wakayaanika, wakayatafuna. Mgeni akifika, anapewa ya kutafuna kwanza. Na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waliligawana tunda moja lenye punje mbili, kila mmoja akameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Nikiwa na kikombe changu mkononi nililiwaza hilo tunda moja na punje zake mbili. Kinywaji nilichokiita cha pwani kimeoteshwa upande wa pili wa ziwa letu hili hili. Chombo ndicho kilichosafiri. Kahawa ipo nyumbani.

Na kikombe? Kikombe kimetoka mbali kweli. Ufinyanzi mweupe wa namna hii, kauri, ulizaliwa China, na mji wake mashuhuri ni Jingdezhen, ambako udongo mweupe wa kilima cha Gaoling ndio ulioipa dunia neno kaolini. Watu wa pwani yetu wamekuwa wateja wa vyombo hivyo kwa karne nyingi. Ukienda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, utaona makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ambazo ndani yake zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Zilikuwa na thamani kiasi cha kupamba kaburi la mtu mkubwa. Leo vikombe ndugu wa bakuli hizo vinakaa kwenye ndoo ya plastiki Bariadi na kila mpita njia anaviweka mdomoni kwa shilingi mia. Mimi sioni kwamba vimeshushwa hadhi. Naona vimefika kwa watu.

Kile kikombe chenye ufa kilinifanya nitafakari pia safari ya upande wa pili, kwa sababu Simiyu si mkoa wa kupokea tu. Huu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijafumwa, na mingi ya hiyo mizigo huelekea Asia. Marobota yanatoka Bariadi, Maswa na Meatu yamefungwa kwa vyuma, na vikombe vinarudi vimefungwa kwa mabua na karatasi. Wakati fulani tulijaribu kufuma wenyewe: kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na Mwanza nako kukawa na Mwatex. Mama zetu walivaa pamba yao wenyewe wakati huo. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliandika, maana nimesimama kwenye ghala la pamba la Simiyu, nyeupe hadi darini, nikiwa nimevaa shati lililoshonwa ng'ambo.

Pamba ndiyo iliyojenga mitaa hii ya kuzunguka soko. Enzi za Waingereza, Ntuzu, Itilima na Kanadi zote zilikuwa himaya za watemi ndani ya Wilaya ya Maswa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, upande wa Maswa, na pamba ikapata njia ya kutokea. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Misungwi, kikaanza kutoa mbegu, zile zinazoitwa UK na namba, ambazo wakulima wa hapa wanazitaja kama watu wanavyotaja majina ya ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilimo hicho kilipanuka kwa kasi mno. Palipo na pamba pana mnunuzi, palipo na mnunuzi pana mizani, na palipo na mizani pana foleni. Foleni inataka kula.

Mizani ndiyo iliyoleta ugomvi. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa na wanunuzi, na malalamiko hayo ndiyo yaliyompa kazi kijana mmoja aitwaye Paul Bomani. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, ambalo baadaye likawa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Mzee mmoja kwenye benchi, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu, aliniambia babu yake alikuwa mpimaji wa chama. "Kazi yake ilikuwa kutazama jiwe la mizani," alisema. "Siku nzima. Akifumba jicho, kilo imekwenda."

Nilimuuliza kuhusu mwaka 1976, Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika. Benchi zima lilijibu. Mmoja alisema hapo ndipo pamba ilipolala maghalani. Mwingine akasema hapana, ubaya ulianza kabla, wizi ulikuwa ndani ya vyama vyenyewe. Wa tatu, kijana kuliko wote, akaingiza mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kurudi, na bei ya siku hizi, na habari ya pamba safi kupokelewa kama fifi, yaani ya daraja la chini. Sauti zilipanda. Mzee wa kahawa akamimina duru nyingine bila kuulizwa, na kila mtu alipokea kikombe chake akiwa bado anazungumza. Nilielewa kwa nini wanasiasa wa hapa, tangu siku za John Cheyo aliyegombea urais mwaka 1995 na 2000 na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki, hawawezi kuupita mji huu bila kukalia benchi. Huwezi kuwadanganya watu waliokula mizani.

Kahawa chungu haiendi bila kashata, na kashata ya Bariadi ni ya karanga. Ya nazi huipati, au ukiipata imetoka safarini. Nilimfuata mtengenezaji, mama wa makamo anayefanya kazi kwenye ua nyuma ya duka la pembejeo. Karanga zilikuwa zimekaangwa usiku na kumenywa kwa kusuguliwa kati ya viganja. Maganda mekundu yalikuwa yametapakaa uani kama mabawa ya kumbikumbi. Sukari aliiweka peke yake kwenye sufuria kavu. Hakutia maji. "Ukitia maji inalia," alisema, maana yake kashata itatoa unyevu na kunata. Sukari ikayeyuka kutoka pembeni kuja katikati, ikawa rangi ya asali, ikawa rangi ya chai ya rangi, na kabla haijawa nyeusi karanga zikaingia zote kwa mkupuo. Akakoroga kwa nguvu ya mabega. Akamimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, akabamiza kwa chupa, akakata kwa kisu na rula ya shule. Ana sekunde chache tu. Ikipoa kabla ya kisu kufika, inavunjika ovyo na faida imekwenda.

Alinipa kipande cha pembeni, kile kisichouzwa. Nikamwambia, "Mayu," yaani mama, "hiki ndicho kitu chetu hasa." Akakubali. Wote wawili tulikuwa tumekosea.

Karanga ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioivusha bahari kuileta Afrika. Mwenyeji ni njugu mawe, ile ngumu ya mviringo ambayo bado utaikuta sokoni hapa kwenye sado, imechanganyika rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Njugu mawe ni ya Afrika tangu mwanzo. Karanga ilipofika ilikuwa na mafuta mengi na uvivu mdogo jikoni, ikamwondoa mwenzake kwenye kiti. Lakini jinsi ilivyopokelewa! Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walijaribu kuilima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakapoteza mamilioni ya pauni na mwisho wakaondoka. Wakati huohuo mwanamke wa Itilima alikuwa anailima kwa jembe la mkono kwenye matuta, anaivuna, anaianika, na kuipika kwenye kila mboga aliyoijua. Mgeni huyo alipata kwake. Sidhani kuna haja ya kumnyang'anya uenyeji.

Asubuhi ikikua, harufu ya mtaa hubadilika. Kahawa inapisha mafuta. Kwenye kona zinapopaki pikipiki kuna karai la sambusa, karai la maandazi, karai la mihogo, na mwanamke mmoja mwenye chuma cha vitumbua chenye matundu saba. Kitumbua ni cha pwani, unga wa mchele na tui la nazi. Huku nazi haioti. Mama huyu anatumia maziwa ya ng'ombe, na iliki anaizidisha. Kinatoka kizito kidogo kuliko cha Tanga, kina ukoko mwembamba unaolia ukiuma, na ndani kuna uchachu wa maziwa uliolala usiku. Mtu wa Tanga angekikataa. Mimi nilikula vinne, nikarudi kesho yake.

Nilimuuliza anakaangia mafuta gani. Akanionyesha dumu la njano. Mafuta ya pamba.

Nikiwa mtoto niliyajua mafuta hayo kwa harufu kabla sijayajua kwa jina; yana kitu kama mbegu iliyobanikwa kidogo, ambacho mafuta ya mawese na ya alizeti hayana. Pamba mbegu ikifika kiwandani inachambuliwa: nyuzi zinakwenda kwenye marobota, mbegu inakwenda kwenye mashine ya kukamua. Kinachotoka ni mafuta na mashudu. Mafuta yanarudi mtaani kukaanga sambusa. Mashudu yanapelekwa kwa ng'ombe wakati wa kiangazi, majani yanapokauka, na ng'ombe huyo ndiye utakayemkuta saa moja asubuhi kwenye sufuria la makongoro. Kwa hiyo unaweza kuinunua pamba ya Simiyu mara tatu katika asubuhi moja, na hakuna hata mara moja utakayopewa nguo.

Makongoro yanastahili aya yao. Miguu ya ng'ombe inaunguzwa juu ya moto hadi manyoya yaishe, inakwanguliwa kwa kisu, inakatwa na kuchemshwa usiku kucha kwenye moto wa magogo. Alfajiri mchuzi umekuwa mzito, midomo inashikana. Baba lishe niliyemkalia alikuwa na mabakuli ya bati, ndimu zilizokatwa nusu, chumvi ya mawe, na pilipili kichaa za kuponda mwenyewe. Chapati zinatoka banda la jirani. Anapiga mluzi, mtoto analeta. Wateja wake saa hiyo ni makuli, madereva wa malori ya pamba na vijana waliotoka zamu ya usiku kiwandani, wenye nyuzi nyeupe nyusini kama wazee. Hawasemi. Wanakunywa mchuzi kwanza, nyama baadaye, na mfupa mwisho kabisa, unagongwa kwenye meza ili uboho utoke.

Michembe niliiacha kwa siku ya tatu kwa makusudi, kwa sababu nina deni nayo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Itilima. Kila mwaka baada ya mavuno ya viazi vitamu, numbu kama alivyoviita, alifanya vitu viwili. Sehemu moja ya viazi aliiacha inyauke siku chache, akaimenya, akaikata vipande virefu na kuianika ikiwa mbichi juu ya miamba. Hiyo ni michembe. Sehemu nyingine aliichemsha kwanza, akaikata, ndipo akaianika. Hayo ni matobolwa. Michembe ni ya kupika. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivyo hivyo njiani, yana utamu wa polepole, kama tende isiyo na haraka. Nilipokwenda shule ya bweni, mkoa wa mbali, alinijazia mfuko. Wenzangu walipouona wakauliza kama nimebeba magome ya mti. Kuna aliyeniita jina, na jina likanata mpaka mwisho wa muhula. Usiku mmoja niliumwaga mfuko wote nyuma ya jiko la shule. Bibi aliponiuliza kama yalinitosha, nilimwambia yalinitosha sana. Alifurahi, akanijazia mfuko mkubwa zaidi.

Ameshafariki. Deni liko palepale.

Muuza michembe wa sokoni alikuwa ametandika gunia karibu na wauza dagaa, vipande vyake vimepangwa kwenye sado, rangi ya kijivu nyeupe yenye vumbi laini. Pembeni kulikuwa na fungu la nsansa, majani makavu ya kunde. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. "Mwangaluka, baba." Akanitazama. "Wewe ni wa wapi?" Nikamtajia kijiji cha bibi. Basi mazungumzo yakafunguka. Aliniambia wanunuzi wake wakubwa si watu wa vijijini, wanayo nyumbani kwao. Ni watu wa mjini na abiria wanaoipelekea jamaa zao Dar es Salaam na Dodoma. Aliniambia jinsi ya kujua iliyobunguliwa: kipande ukikigonga kikitoa sauti ya karatasi, kina dumuzi ndani. Kizuri kinalia kama kijiti. Tukagonga pamoja, tukichagua.

Saa sita akanipikia, yeye na binti yake, kwenye mafiga matatu nyuma ya banda. Michembe ikaoshwa, ikatiwa maji ya kuifunika, ikachemka hadi ikavimba na kuwa ya hudhurungi. Karanga zilizotwangwa zikakorogwa na maji, zikamiminwa juu, chumvi kidogo, moto ukapunguzwa. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya. Tulikula kwa mikono kwenye sahani moja. Utamu wa viazi uko chini, mafuta ya karanga yako juu, na katikati kuna ladha ya jua, ya mwamba wenye joto, ambayo siwezi kuielezea vizuri zaidi ya hivyo. Nilikula taratibu sana. Binti yake akaniuliza kwa nini silali usingizi wa mchana kama watu wazima wengine baada ya kushiba. Mama yake akamfinya.

Kiazi kitamu nacho ni cha Amerika, kwa taarifa ya msomaji. Mahindi vilevile, na muhogo, na pamba yenyewe tunayoilima. Kwenye soko lote la Bariadi, wenyeji wa damu ni wachache: mtama, uwele, kunde, njugu mawe, na ile buni ya ng'ambo ya ziwa. Nilipomweleza hayo yule mama aliyaona ya ajabu kidogo, kisha akauliza swali ambalo wataalamu wanapaswa kulichukua: huko Amerika, wanajua kutengeneza matobolwa?

Jioni mji unageukia ziwani. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, wilayani Busega, ni kilomita zipatazo 70 za lami, na lami hiyo imebadilisha meza za mji huu kuliko hotuba yoyote. Zamani samaki aliyefika hapa alikuwa amekaushwa au amebanikwa, mweusi, mgumu. Sasa sato anafika na barafu mchana na anakaangwa jioni ileile. Banda moja hadi jingine kuna majiko ya nusu pipa. Sato mzima amechanjwa mbavu, amepakwa chumvi na ndimu, anazamishwa kwenye mafuta ya pamba hadi mapezi yanakuwa kama biskuti. Dagaa wa Lamadi wanakaangwa wakavu, wanauzwa kwa kikombe, wanafungwa kwenye karatasi ya daftari. Kuna chipsi mayai pia, na mishikaki, kama kila mji wa Tanzania, na vijana ndiko waliko. Sikukaa sana huko.

Nilirudi benchini saa tatu usiku. Mzee alikuwa na dele la mwisho. Mazungumzo yalikuwa yamehama kutoka kwenye pamba hadi kwenye mechi ya watani wa jadi, na kutoka hapo hadi kwenye mtu aliyenunua ng'ombe mnadani akagundua ni mgonjwa. Mhaya mmoja mwenye duka la spea alikuwapo, Mkurya dereva, na Mwarabu mzee ambaye familia yake imeuza nguo hapa miaka mingi na ambaye anazungumza Kisukuma cha ndani kuliko changu. Nikawapa habari ya robusta na njugu mawe. Mhaya akainua kikombe chake kwa furaha, akasema tangu leo benchi lote lina deni la ukarimu kwa Bukoba. Mwarabu akasema basi dele lirudishwe Yemen. Mzee wa kahawa alicheka mpaka akakohoa.

Alipokuwa anafunga, alimwaga masimbi shinani mwa mwarobaini, akazima mkaa kwa majivu, akavirudisha vikombe ndooni kimoja kimoja. Akafika kumi na moja. Akahesabu tena. Akainuka akaangaza mtaani, mkono kiunoni.

Kutoka upande wa soko akatokea yule binti wa muuza michembe, anakimbia kwa hatua fupifupi kwa sababu amekishika kikombe kwa mikono miwili kama kina maji. Mama yake alipelekewa kahawa jioni na akasahau kukirudisha. Kilikuwa kile chenye ufa. Ndani yake alikuwa ameweka vipande vitatu vya matobolwa.

"Wabeja," mzee akamshukuru. Akatoa kimoja akanipa, kimoja akakitia mdomoni, cha tatu akamrudishia mtoto. Kisha akakisuuza kikombe, akakiweka juu ya wenzake.

"Kumi na viwili," akasema, akaibeba ndoo.